Fuvu la Kifaru wa West Nile

Ukitoka Arua kuelekea mto Nile utafika Rhino Camp. Siku hizi wengi wanapajua kwa makazi ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini, lakini jina hilo ni la kifaru mweupe wa kaskazini, aliyekuwa akila nyasi za ukingo huu. Leo hayupo hata mmoja Uganda nzima.

William Burchell alimweleza kifaru mweupe mwaka 1817, akitumia mnyama wa Afrika Kusini. Huku kwetu fuvu la kifaru mweupe lilipatikana katika eneo la Lado mwaka 1900. Mwaka 1908 Richard Lydekker wa London akampa kifaru wa kaskazini jina la cottoni, kwa heshima ya mwindaji Meja Powell-Cotton. Wakati huo Lado ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji; sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914, ikawa West Nile.

Januari 1910 alifika huku Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, na mwanawe Kermit. Waliua vifaru weupe 9, idadi inayouma kuisoma leo. Ngozi na mafuvu yalipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, na mwaka 1913 Edmund Heller akayaandikia utafiti. Weka mafuvu mawili mezani, uyatazame kwa ubavu. La kifaru wa kusini limebonyea katikati mithili ya tandiko. La West Nile limenyooka zaidi, na meno yake ni madogo.

Tofauti hizo zilifufua mjadala miaka karibu mia moja baadaye. Mwaka 2010 Colin Groves na wenzake walitumia vipimo vya mafuvu na meno ya makumbusho pamoja na vinasaba, wakasema kifaru wa kaskazini ni spishi inayojitegemea. Mwaka 2016 wataalamu wengine walisoma vinasaba kwa upana zaidi, wakaona inatosha kumwita nususpishi, yaani kundi ndani ya spishi moja. Utafiti wa 2018, uliotumia pia sampuli za makumbusho, ulionyesha kwamba baada ya kutengana, vifaru wa kaskazini na wa kusini waliwahi kukutana na kuchanganya damu.

Huu si ubishi wa majina tu. Sudan, dume wa mwisho, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili: binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Wataalamu wanatengeneza viinitete kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokwisha kufa, wakitarajia majike wa kusini wavibebe. Anayefanya kazi hiyo lazima ajue kifaru wa kaskazini na wa kusini wako karibu kiasi gani kinasaba.

Hapa West Nile, Hifadhi ya Ajai, na ile ya Mlima Kei kaskazini mashariki mwa Koboko, zilitengwa kwa ajili ya kifaru huyu. Majangili walimmaliza hata hivyo. Mifupa yake bado inatoa ushahidi kwa sababu mtu aliandika kwenye lebo mahali ilipotoka na tarehe. Mwalimu wa Arua au Koboko, wapeleke wanafunzi wako makumbusho wakajifunze kusoma lebo hizo. Buibui, ndege au popo wa milima yetu anayehifadhiwa leo kwa lebo sahihi atawajibu wajukuu wetu maswali ambayo sisi hatujayauliza.