Mwalimu alituandikia, wengine wakamwandika kwa Kiingereza

Kwame Nkrumah alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1957, mwaka uleule Ghana ilipopata uhuru. Kenneth Kaunda alitoa chake mwaka 1962, bendera ya Zambia ikiwa bado haijapandishwa. Nchini Kenya, Tom Mboya, Oginga Odinga na Jomo Kenyatta walifuatana kati ya mwaka 1963 na 1968, kila mmoja na kitabu cha kueleza alikotoka na alichopigania. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye kwa wingi wa maandishi hawezi kuwekwa nyuma ya yeyote kati ya hao, hakuandika tawasifu. Aling'atuka urais mwaka 1985, akaishi miaka 14 zaidi kalamu ikiwa mkononi, na alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 aliacha hotuba, vijitabu, tafsiri na tenzi. Maisha yake mwenyewe hakuyasimulia. Pengo hilo wamelijaza watu wengine, na karibu wote wamelijaza kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili anaweza kumsoma Nyerere vizuri sana, lakini hana cha kutosha cha kusoma juu yake, na jambo hili limeyaharibu mazungumzo yetu kuhusu Baba wa Taifa kuliko tunavyokubali kusema.

Tuanze na alichoandika yeye. Nyerere alikuwa mwandishi wa hoja, na mara nyingi hoja yenyewe ilikuwa ugomvi. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimshtaki kwa kashfa kutokana na makala katika Sauti ya TANU. Akapewa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, naye akalipa faini. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na mwaka huohuo akatoa Tujisahihishe, kijitabu kinachowasema wanachama wa TANU wenyewe kwa ubinafsi na kwa kuogopa kukosoana. Miaka thelathini baadaye hasira ilikuwa ileile. Serikali ya Zanzibar ilikuwa imeviingiza visiwa hivyo katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, na mwaka 1993 wabunge 55 wakataka iundwe serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Nyerere alijibu kwanza kwa ushairi, Tanzania! Tanzania!, kisha kwa nathari kali katika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Humo aliwataja kwa majina waziri mkuu John Malecela na katibu mkuu wa CCM Horace Kolimba, akataka wawajibike. Kitabu cha rais mstaafu kuhusu uongozi wa nchi yake kilichapishwa Harare, jambo ambalo lenyewe linasema mengi. Kufikia mwisho wa mwaka 1994 Malecela hakuwa tena waziri mkuu.

Maandishi hayo yote ya kugombana na watu wa nyumbani yaliandikwa kwa Kiswahili, isipokuwa pengine lile la 1958 ambalo mlengwa wake alikuwa mkoloni. Azimio la Arusha nalo lilijadiliwa na kutangazwa kwa Kiswahili mwaka 1967. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ilikuwa na utata hadi ikabidi itolewe nyingine iliyosahihishwa. Ni nadra katika Afrika ya wakati ule kuona waraka wa msingi wa taifa ambao Kiingereza ndicho kinachohangaika kuufuata. Hata tafsiri zake za Shakespeare ziko upande huu. Jina The Merchant of Venice lina mfanyabiashara mmoja. Mwaka 1969 ikatoka ikiitwa Mabepari wa Venisi, na mabepari wakawa wengi. Miaka miwili baada ya Azimio, jina kama hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Uzeeni akazigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996.

Hapa msomaji makini atanipinga, na ana haki. Vitabu vinene vilivyomjengea Nyerere jina duniani ni Uhuru na Umoja (1966), Uhuru na Ujamaa (1968) na Uhuru na Maendeleo (1973), na kila anayevijua anajua kwamba Kiswahili kimeishia kwenye jalada. Ndani ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Je, si Mwalimu mwenyewe aliyeanza kuzungumza na wageni? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Lakini vitabu hivyo ni mikusanyo ya hotuba na makala, nyingi kati yake zikiwa zimetolewa mbele ya mikutano ya kimataifa na vyuo vikuu, na vilitengenezwa ili dunia ijue Tanzania inafikiri nini. Mwananchi alikuwa ameshaipata sehemu kubwa ya fikra hizo kupitia vijitabu na redio. Nyerere alijua anazungumza na nani kwa lugha gani. Wanaomwandika ndio ambao hawakujiuliza swali hilo, au walijiuliza wakapata jibu lililowafaa wao.

Tazama upande wao. William Edgett Smith, Mmarekani, alitoa We Must Run While They Walk mwaka 1971, picha ya kiongozi anayependwa. Cranford Pratt, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alitoa uchambuzi wake wa miaka ya mwanzo mwaka 1976. Mwaka huohuo Issa Shivji alichapisha Class Struggles in Tanzania, akihoji kama kilichojengwa ni ujamaa au ni tabaka jipya la wakubwa serikalini. Andrew Coulson alifuata mwaka 1982 na historia ya uchumi isiyowaonea haya waliopanga kuwahamishia watu vijijini. Ludovick Mwijage alieleza katika The Dark Side of Nyerere's Legacy jinsi ilivyokuwa kuwekwa kizuizini bila kesi. Thomas Molony alifukua ujana wa Nyerere mwaka 2014. Kisha mwaka 2020 ikaja kazi kubwa kuliko zote, Development as Rebellion ya Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, juzuu tatu zilizochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Wasomi watatu wa nyumbani, mchapishaji wa nyumbani, nayo ikatoka kwa Kiingereza. Anayesoma Kiswahili peke yake anamsikia Mwalimu akisema, lakini hamsikii anayemjibu. Ndiyo maana barazani kwetu Nyerere ana sura mbili tu: mtakatifu wa kila Oktoba 14, au mtu wa kunong'onezwa lawama zisizo na ushahidi.

Watasema wachapishaji kwamba wasifu mnene kwa Kiswahili hauuziki. Hoja hii ina majibu mawili tayari madukani. Kitabu cha Mohamed Said kuhusu Abdulwahid Sykes, kinachodai kwamba historia rasmi ya TANU imewafuta wazee Waislamu wa Dar es Salaam waliompokea Nyerere, kilitoka London mwaka 1998 kwa Kiingereza, kisha Nairobi mwaka 2002 kwa Kiswahili. Ukubaliane na mwandishi au usikubaliane (nami naona mara nyingine anamfanya Sykes abebe mzigo mkubwa mno), ubishi wake umefika misikitini na vijiweni, mahali ambapo Pratt na Coulson hawajawahi kutajwa. Jibu la pili ni Ali Hassan Mwinyi. Mrithi wa Nyerere alitoa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu mwaka 2021 kwa Kiswahili, miaka miwili baada ya Benjamin Mkapa kusimulia yake kwa Kiingereza. Vijitabu vya shule kuhusu Mwalimu vipo pia, nao vina kazi yao, lakini kijitabu cha shule hakimhoji mtu.

Atakayeamua kutafsiri asianze na vitabu vya sifa. Sifa tunazo kwa Kiswahili za kutosha. Aanze na Coulson, hasa sura zinazohusu vijiji. Waliohamishwa katika Operesheni Vijiji, pamoja na watoto wao, wanasoma Kiswahili.