Ngomeni, Uhuru, na utupu usio mtupu

Wasomaji wangu, leo naweka programu pembeni. Shuleni nilifundishwa kuhusu Vasco da Gama na nguzo yake ya Malindi. Hakuna mwalimu aliyenitajia Ngomeni, kaskazini kidogo tu ya hapo.

Huko Waitaliano walisimamisha majukwaa ya San Marco baharini miaka ya 1960. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka hapo na setilaiti ya NASA, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kupima eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru. Kwa nini Ngomeni? Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unaisukuma roketi bure.

Uhuru ikaona eksirei za Cygnus X-1 zikipanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo. Kisha darubini za ardhini zikaonyesha kina uzito wa majua kadhaa. Kidogo na kizito: shimo jeusi!

Sasa tuingie kwenye kwanta. Utupu si mtupu kabisa. Ni kama waya usiopitisha ujumbe: ukisikiliza vizuri, kelele ndogo haiishi. Mwaka huohuo wa 1970, Gerald Moore alionyesha kwa hesabu kwamba kioo kinachotikiswa kwa kasi kubwa hugeuza kelele hiyo kuwa fotoni halisi. Mwaka 1974 Stephen Hawking akaonyesha kwamba nyota inayoporomoka kuwa shimo jeusi hufanya jambo linalofanana: mvuto wake huvuruga utupu, mionzi ikatoka.

Je, Uhuru iliona mionzi hiyo? Hapana, tusichanganye. Eksirei zile zilitoka kwenye gesi ya moto inayolizunguka shimo. Joto la Hawking la Cygnus X-1 ni sehemu za bilioni za digrii juu ya sifuri halisi, wakati anga lenyewe lina digrii 2.7. Halijapimwa hadi leo. La Moore lilionekana mwaka 2011 huko Chalmers, Sweden, "kioo" kikiwa saketi ya umeme iliyopozwa sana.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipata Nobel mwaka 2002. Nguzo ya da Gama wanafunzi wataendelea kuizuru, sawa. Basi siku hiyo wapelekwe na Ngomeni pia.