Shaba, dawa na jicho la mbuzi: vita vya zaidi ya miaka mia moja dhidi ya minyoo

Katika mitaa ya Kolwezi na vijiji vinavyoizunguka, mbuzi ndiye benki ya jamaa. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa deni la masomo, mama akipelekwa kujifungua, au jamaa ikiambiwa ihame kupisha mgodi, mbuzi mmoja huuzwa na shida hupungua. Ndiyo maana majira ya mvua huleta hasara inayouma: mbuzi aliyekuwa mzima anadhoofika, chini ya taya panavimba kama mfuko wa maji, kisha anaanguka na kufa.

Mara nyingi muuaji ni mnyoo mwembamba wa sentimita mbili au tatu, anayeishi katika tumbo la nne la mbuzi na kunywa damu yake. Wataalamu wanamwita Haemonchus contortus. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na mavi, na katika joto na unyevu viluwiluwi vyake huwa tayari kwa muda wa juma moja hivi. Hupanda kwenye majani mafupi na mbuzi huvimeza tena.

Historia ya kupigana na mnyoo huyu inapitia kitu ambacho Kolwezi inakijua vizuri: shaba. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Afrika Kusini, kondoo na mbuzi walinyweshwa mrututu, ile chumvi ya buluu itokanayo na shaba, ikiwa imeyeyushwa katika maji. Baadaye wengine waliichanganya na nikotini ya tumbaku, au hata arseniki. Minyoo ilikufa, lakini kipimo kikizidi mnyama naye alikufa, kwa sababu shaba nyingi huharibu ini.

Huku Katanga, kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji chakula kwa wafanyakazi wake, na ufugaji mkubwa wa ng'ombe ulifunguliwa kwenye uwanda wa juu wa Biano. Mbuzi wa kijijini aliendelea na maisha yake. Ulinzi wake mkubwa ulikuwa nafasi: alitembea porini, akala majani ya vichaka juu kuliko viluwiluwi vinavyoweza kupanda, na leo hakulala alipokula jana.

Dawa za kisasa zilikuja moja baada ya nyingine. Fenotiazini ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1961 ikatoka tiabendazoli, iliyosifiwa kuwa imemaliza kazi. Mwaka 1964 huko Marekani tayari iliripotiwa minyoo isiyokufa kwayo. Katikati ya miaka ya 1960, maabara ya Janssen nchini Ubelgiji ilitoa tetramisoli, mama wa levamisoli inayouzwa hadi leo. Mwaka 1981 ikaingia ivermektini, iliyotokana na kijidudu cha udongo wa Japani. Ni dawa ileile inayogawanywa vijijini Kongo kuzuia upofu wa mtoni. Wagunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kabla miaka ya 1980 haijaisha, Afrika Kusini ilikuwa na minyoo iliyoishinda hata hiyo. Nchini Kenya pia, minyoo sugu imekutwa katika mbuzi.

Kosa lilikuwa lilelile kila mara. Kundi lote lilipewa dawa, mara nyingi kwa kipimo pungufu. Minyoo dhaifu ikafa, ile migumu ikabaki na kuzaa peke yake.

Kutokana na kushindwa huko, katika miaka ya 1990 wataalamu wa mifugo wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano inayoitwa FAMACHA. Mfugaji hufunua kope ya chini ya mbuzi na kulinganisha. Nyekundu ina maana damu ipo. Nyeupe ina maana minyoo imeinywa. Katika kundi, wanyama wachache ndio hubeba minyoo mingi, basi hao ndio hutibiwa.

Kwa Lualaba habari hii ni ya leo. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, Gécamines iliyumba. Baada ya mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kampuni hiyo, na nyumba nyingi zikaegemea bustani na mifugo midogo. Kisha kobalti ikapanda bei. Mwaka 2017 jamaa nyingi za Kasulo ziliondolewa kupisha uchimbaji. Jamaa inapohamishwa, mbuzi hupoteza pori lake. Hufungwa kwa kamba mahali pamoja, juma baada ya juma, juu ya mavi yake mwenyewe. Hapo mnyoo hupata kila anachohitaji.

Hata penye kiwanja kidogo kuna la kufanya. Kamba ihamishwe kabla ya juma kwisha, na pale pa zamani papumzike. Matawi yakatwe na kutundikwa juu, yasitupwe chini. Zizi liwe kavu, na sakafu ikiwezekana iinuliwe. Kope zitazamwe kila baada ya majuma mawili wakati wa mvua. Mbuzi mgeni atengwe na kutibiwa kwanza. Kipimo kifuate uzito, na daktari wa mifugo aulizwe, maana kipimo cha kondoo mara nyingi hakimtoshi mbuzi, na levamisoli ikizidi ni hatari.

Mrututu wa dukani na mawe ya kijani ya mgodini si dawa ya kujaribia nyumbani. Wafugaji wa zamani walijifunza jambo hilo kwa kupoteza mifugo yao.