Kikombe Cheupe Kilichimbwa na Nani?

Wasee, tukiongea historia ya migodi kila mtu hufikiria dhahabu, almasi ama makaa ya mawe. Udongo? Hakuna mtu huuliza. Na kuna udongo mweupe, kaolini, uliotajirisha watu wachache na kuwazika wengine.

Twende Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Karne ya 18, mwuza dawa wa Plymouth anaitwa William Cookworthy aligundua huko udongo wa kutengeneza vyombo vya kaure kama vya Wachina. 1768 akapata haki ya kipekee ya kuutumia. Jina lake liko vitabuni. Ya wachimbaji je?

Kazi ilikuwa hivi. Mnatoa mchanga na mawe ya juu, kisha maji yanaelekezwa kwa ukuta wa shimo. Jamaa wenye sururu wanauvunja ndani ya hayo maji mpaka ugeuke kama uji mweupe. Miguu imelowa siku nzima, na baridi ya huko si mchezo. Mchanga ukizama, udongo unaachwa utulie, halafu unakaushwa. Zamani ulianikwa kwa upepo na jua, na wanawake ndio walikwangua madonge yawe safi. Baadaye zikaja tanuri: sakafu ya vigae, moto wa makaa chini yake, na mtu anapiga koleo hapo juu kwenye joto na mvuke.

Hatari kubwa ilikuwa ule ukuta. Ukichimba chini, juu kunabaki kunaning'inia, na kukishuka hakupigi hodi. Kama umewahi kuskia mtaro umeporomokea watu wa mjengo, basi unaelewa. Ni kifo kilekile.

Julai 1913 wakachoka. Maelfu ya wachimbaji karibu na St Austell waligoma. Walitaka nini? Shilingi 25 kwa wiki, walipwe kila baada ya wiki mbili badala ya mwezi mzima, na chama chao kitambuliwe. Hiyo tu. Jibu? Makarao wakaletwa kutoka Glamorgan, Wales, wakawatandika marungu. Baada ya zaidi ya miezi miwili, njaa ikawarudisha shimoni.

Watu husema huo mgomo ulifeli. Mimi nakataa. Aliyegundua udongo alilipwa kwa kuuona. Aliyeuchimba alipigwa kwa kuuliza bei ya jasho lake. Kuuliza tu, mbele ya rungu, kulionyesha kila mtu nani anategemea nani: siku walipoweka sururu chini, udongo ulibaki ardhini.

Huo udongo ulienda kwa vikombe, na baadaye kwa karatasi laini za vitabu. Yaani hata kurasa zinazomsifu mgunduzi huenda zilipakwa jasho la watu ambao hazikuwataja.

Sasa niambie: kwenu, nani anachimba, na nani anaandikwa jina?