Mwingiliano wa ishara na usuli

Mwingiliano wa ishara na usuli ni hali inayotokea katika majaribio ya kugonganisha chembe ndogo. Chembe inayotafutwa (ishara) na matukio ya kawaida yanayofanana nayo (usuli) huacha matokeo yaleyale, hata haiwezekani kusema tukio fulani lilipitia njia ipi.

Kwa kawaida watafiti hukadiria idadi ya matukio ya usuli na kuitoa katika jumla. Kinachobaki huhesabiwa kuwa ishara. Hesabu hiyo ni sahihi mradi njia mbili zinatofautishika. Zisipotofautishika, fizikia ya kwanta hujumlisha kwanza amplitudo zake, ndipo jumla inapopigwa kipeo cha pili:

|I + U|² = |I|² + |U|² + 2Re(IU*)

Sehemu ya mwisho ndiyo mwingiliano. Inaweza kuwa chanya au hasi, kama mawimbi ya mawe mawili yaliyotupwa katika Ziwa Burigi huko Karagwe: mahali pengine hupandana, pengine hufutana. Kwa sababu hiyo chembe mpya inaweza kuonekana kama bonde kwenye grafu, na anayetafuta kilele tu ataipita.

Mfano wa zamani unatoka kwenye mashine ya PETRA, Hamburg (Ujerumani). Mnamo 1982 elektroni na positroni ziligonganishwa humo kwa nishati ya GeV 35 hivi, chini sana ya masi ya bosoni Z (GeV 91). Hata hivyo mioni hazikutoka sawasawa mbele na nyuma, kwa sababu Z ilikuwa ikiingiliana na fotoni. Z yenyewe iligunduliwa CERN mwaka 1983.

Baada ya bosoni ya Higgs kugunduliwa CERN mwaka 2012, jambo hili lilipata uzito mpya. Gluoni mbili huweza kuzaa bosoni Z mbili kwa kupitia Higgs au bila hiyo, na katika nishati kubwa njia hizo hupunguzana. Kutokana na hesabu hiyo, kundi la CMS lilikadiria mwaka 2022 kwamba upana wa Higgs ni MeV 3.2 hivi, nadharia hutabiri 4.1. Vifaa vyenyewe haviwezi kupima moja kwa moja upana mdogo kiasi hicho.

Katika Afrika ya Mashariki, shule ya Afrika ya fizikia ya msingi ilifanyika Kigali mwaka 2016, ng'ambo ya mto Kagera kutoka Karagwe na Kyerwa.