Dispensari ya Zamani: hospitali iliyogeuka nyumba za kupanga

Bi harusi wetu mmoja wa Katoro alikuja Unguja kwa fungate, akapiga picha mbele ya jengo refu lenye roshani pale Mizingani, karibu na bandari. Akaniuliza, hili kasri la Sultani gani? Si la Sultani, mpenzi. Ni Dispensari ya Zamani, na wengi wetu tunaipita mbio tukiwahi boti.

Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini. Alikuwa tajiri wa Kihindi, Muismaili, aliyesimamia forodha ya Sultani na kukopesha fedha za misafara ya bara, ikiwemo ya Tippu Tip. Tusilipambe hili: misafara ile ilipitia Tabora kutafuta pembe za ndovu, na watu pia walichukuliwa. Kwa hiyo bi harusi wetu alisimama mbele ya mali ambayo sehemu yake ilitoka huko huko bara anakotoka yeye.

Tharia alifariki 1891, ujenzi haujaisha. Mjane wake ndiye aliyeuendeleza, na jengo likakamilika 1894. Sisi tunaowafunda wari hatumtaji kabisa mwanamke huyu, nami naona tunakosea. Kubeba nia njema ya marehemu mumeo katikati ya mirathi si kazi ndogo.

Lakini hospitali aliyoikusudia mumewe haikupatikana. Mwaka 1900 jengo lilinunuliwa kwa mali ya wakfu ya mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed. Chini ikawekwa dispensari na daktari, na ghorofa za juu zikagawanywa kuwa nyumba za familia. Hapo ndipo penye utamu. Fikiria kupika biriani huku wagonjwa wanapiga foleni chini yako! Ua wa katikati ulileta mwanga na hewa, na pia, sina shaka, harufu ya chungu cha jirani. Wanaoishi vyumba vya kupanga Katoro, vinavyotazamana kwenye ua mmoja, hawahitaji kuelezwa haki ya jirani. Kuta tu ndizo tofauti: huku ni mawe ya matumbawe na chokaa, na juu vioo vya rangi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo likawa mikononi mwa serikali, likachakaa vibaya. Miaka ya 1990 taasisi ya Aga Khan ililikarabati, kabla Mji Mkongwe haujaingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000.

Ukija na bwana harusi wako, picha ya nje isikutoshe. Ingia ndani, simama katikati ya ua, utazame juu kwenye roshani. Zile mbao zilizonakshiwa ndizo walizoegemea wake wa wapangaji wakianika nguo na kutazama majahazi.