Nguzo ya Cairo na Mafuriko ya Rufiji

Sisi wa Kipatimu twakaa vilimani Umatumbi, na mto Rufiji ukifurika haufiki milangoni petu. Lakini walio bondeni ni jamaa zetu, na njaa yao hutufikia. Leo nataka kulinganisha khabari zao na za mji ulio mbali, Cairo katika nchi ya Misri.

Mwaka wa 861, katika kisiwa cha Roda mjini humo, ilisimamishwa nguzo ya mawe ndani ya shimo lililoingia maji ya mto Naili. Nguzo ile ilichongwa alama za dhiraa. Maji yalipofika dhiraa 16 watu walifurahi, maana mashamba yatanyweshwa. Yakipungua sana, njaa. Yakizidi sana, gharika. Kipimo kiliandikwa mwaka kwa mwaka, karne baada ya karne.

Katika karne ya 20 mtaalamu Mwingereza, Harold Hurst, alizichungua hesabu hizo, akaona kuwa miaka ya maji mengi hupenda kufuatana, na miaka ya maji machache vivyo hivyo. Kwa hiyo bwawa la kufaa halina budi kuweka akiba ya miaka mingi. Bwawa Kuu la Aswan lilipokwisha mwaka wa 1970, Cairo ilisalimika na mafuriko ya kila mwaka.

Je, Rufiji? Watu wake ni wajuzi wa maji. Walijenga madungu juu ya nguzo mashambani, na mto ulipopwa wakapanda katika udongo mbichi wenye rutuba. Hicho ndicho kilimo cha mlau. Lakini mwaka wa 1968 maji yalizidi, na baadaye serikali ikawahamishia wengi mahali palipoinuka. Tena Aprili 2024 nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti yalifunikwa, ingawa bwawa la Julius Nyerere lilikuwapo mtoni.

Mzee wa bondeni anacho kipimo kichwani mwake, lakini akifa huzikwa nacho. Kijana aliyeona miaka kumi ya maji machache hudhani mto umezeeka, akajenga chini.

Basi, walimu na wanafunzi wa bondeni, maji yakipwa tieni alama ukutani mwa shule pale yalipofika, mkaandike na mwaka. Alama haizuii maji, lakini itamwonyesha mjukuu mahali pa kuweka msingi wa nyumba yake.